UZI: Visiwa vya Kipili kusini mwa ziwa letu, Ziwa Tanganyika. Nendeni mkatembee, ila habari ya viwanja tuongee kwanza

Mtoto wa Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Nipo Kigoma mjini na shughuli zangu zinanipeleka kusini mwa ziwa mara kwa mara. Siku hizi kila nikikaa kijiweni lazima atokee mtu aniulize: "Nasikia huko kuna visiwa vinauzwa bei ya kutupa, nipe ramani." Wengine wanapiga simu kutoka Dar, wengine kutoka nje kabisa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja. Mods naomba msiuunganishe na ule wa viwanja vya Kigoma, huu ni mwingine.

Kwanza tuwekane sawa: visiwa hivyo si vya mkoa wetu. Sisi tuna rasi ya Bangwe na milima inayoingia majini, basi. Visiwa vyenyewe viko wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, mbele ya Kipili na Kirando. Kuna Ulwile, Mvuna, Manda, Kerenge, Nkondwe, na Lupita, pale ilipojengwa ile hoteli ya kifahari. Vipo karibu na bara. Ukisimama Kipili unaviona kwa macho, vya mawe mawe na miti.

Kwa nini havisikiki? Kwa sababu havina sokwe. Mgeni akitua Kigoma anapelekwa Gombe, hifadhi tangu 1968, kwa jina la Jane Goodall aliyefika pale 1960. Mwenye hela zaidi anapelekwa Mahale, hifadhi tangu 1985. Akishapiga picha za sokwe anapanda ndege anaondoka. Ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 1,470 na la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, analiangalia kama njia ya kupita tu.

Cha ajabu, wapo watu Ujerumani wanayajua majina ya Ulwile, Nkondwe na Kerenge kuliko Mtanzania wa kawaida. Hao ni wafugaji wa samaki wa mapambo. Wale samaki wadogo wa mawe, wenye mistari na rangi, kila kisiwa wana rangi yao, na huko Ulaya wanauzwa kwa jina la mahali walipotolewa. Ukivaa miwani ya kuogelea ukachungulia kwenye mawe utaelewa. Maji ni meupe, unaona chini kabisa, na samaki hawakimbii mbali. Wanarudi kwenye jiwe lao wanakukodolea macho.

Nimelala kwenye kimoja cha visiwa hivyo chenye kijiji. Jina la kijiji sitaji, msinisumbue. Madalali wanasoma humu pia.

Kijiji kinaishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, kwa hiyo mwezi ukijaa boti zinapumzika ufukweni. Hapo ndipo utaujua uchumi wa kisiwa. Wakati wa giza, duka linauza soda mpaka zinaisha, muuza chapati anaamka saa tisa usiku, vijana wananunua vocha hovyo. Mwezi ukijaa, duka hilohilo linafungua daftari la madeni, na mama wa chapati analala mpaka jua litoke. Ukienda na mawazo yako ya biashara bila kuitazama kalenda ya mwezi utakuta watu wamekaa, utadhani ni wavivu.

Asubuhi baada ya usiku mzuri, akina mama wanafagia mawe bapa kwa fagio la vijiti, kisha wanamwaga dagaa na kuwatandaza kwa kiganja, wepesi, mkono hausimami. Mtoto anakaa na fimbo kufukuza kunguru. Wingu likitokea upande wa Kongo kila mtu anaangalia juu, maana mvua ya dakika kumi inageuza mali ya daraja la kwanza kuwa chakula cha kuku. Harufu? Ipo. Siku ya pili huisikii tena.

Namna ya kufika. Liemba ilikuwa ndiyo njia ya kifalme: meli iliyojengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Tangu isimame kwa ajili ya matengenezo makubwa, sisi wa Kigoma tunazunguka kwa barabara: Uvinza, Mpanda, unapita Sitalike kwenye viboko wa Katavi, Namanyere, halafu unateremka ziwani Kirando au Kipili. Wa Tabora wana treni ya Mpanda inayochepuka Kaliua. Kutoka bara kwenda kisiwani ni boti ya injini. Nauli siandiki, mafuta yakipanda nitaitwa mwongo.

Msimu: kuanzia Mei mpaka Agosti hakuna mvua lakini upepo wa kusi unachafua ziwa, hasa mchana. Safiri alfajiri. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, dhoruba zinakuja ghafla. Boti isiyo na maboya ya kuvaa usipande, hata nahodha akikucheka.

Kuogelea: uliza wenyeji. Mamba wapo ziwani, na kila kijiji kinajua ghuba ipi ni yao. Kichocho nacho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Sasa viwanja. Ushauri wangu ni mfupi: nenda kama mgeni, acha hela pale, lala, kula, kodi boti. Ukitaka kuwekeza, wekeza kwenye kitu ambacho siyo ardhi. Anayekuuzia kiwanja cha kisiwa kwa simu anakuuzia kesi.

Naomba kuwasilisha.

Kauzu Mkavu

Mkuu picha? Uzi bila picha ni hotuba.

Mtoto wa Mwanga

Nikipata mtandao mzuri nitatupia. Kule kisiwani ilibidi nipande kwenye jiwe kupata vijiti viwili vya mtandao.

Ughaibuni Kidogo

Asante mleta uzi, lakini naona unatukatisha tamaa. Mimi niko nje, pasipoti yangu bado ya Tanzania. Nina mshirika Mzungu, ana mtaji, mimi nina asilimia ndogo. Tumetumiwa video ya eneo zuri kabisa, ufukwe na mawe, dalali anasema ni la familia moja na mwenyekiti wa kijiji ameshasaini. Tunataka vibanda sita tu vya wageni. Shida iko wapi? Kijiji kitapata ajira.

Karani wa Ardhi

Shida iko kila mahali, ndugu yangu. Ngoja nikusaidie, kazi hii nimeifanya miaka mingi kabla sijastaafu.

Moja, "mwenyekiti ameshasaini" si kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji yenyewe haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wanakijiji wote watu wazima, si wazee watano chini ya mwembe. Sahihi ya mwenyekiti peke yake ni sahihi ya jirani yako.

Mbili, mshirika wako. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hiyo inapitia mamlaka ya uwekezaji ya taifa. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za mgeni inahesabiwa si raia. Kwa hiyo hiyo "asilimia ndogo" yako haikusaidii kitu, hata ukiwa umezaliwa Kirando kwenyewe.

Tatu, ili mwekezaji wa namna hiyo apate ardhi iliyo ya kijiji, ardhi hiyo inahamishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Ikiwa ni hekta 250 kushuka chini, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri. Na fidia inazungumzwa kabla, si baada. Wanakijiji wengi hawaambiwi kwamba ikishahama hairudi kirahisi.

Nne, na hii ndiyo madalali wanaikwepa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi kinataja ardhi hatarishi, yaani ile ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Kwenye orodha hiyo vimetajwa visiwa vya baharini na vya maziwani, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Waziri anaweza kuitangaza hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 zilezile. Sasa chukua hiyo video yako, pima mita 60 kutoka majini, uniambie vibanda vyako sita vinakaa wapi kwenye kisiwa chembamba.

Ughaibuni Kidogo

Duh. Dalali hakusema hata moja ya haya.

Kauzu Mkavu

Angesema angekula nini?

Mama Wawili Ujiji

Nami niongeze kuhusu hizo mita 60. Zinapimwa kutoka wapi? Maana ziwa hili halikai mahali pamoja. Sisi Ujiji tuliliona linapanda kuanzia 2020 na kuendelea. Nyumba za watu zimeingia maji, vibanda vya samaki vimehama, vyoo sitaki hata kuvitaja. Shamba la muhogo la marehemu baba yangu mwisho wake wa chini sasa wanapita na mtumbwi.

Na si mara ya kwanza. Wageni wakija kuona pale Livingstone alipokutana na Stanley 1871 wanashangaa mbona ziwa liko mbali, wakati vitabu vinasema soko lilikuwa karibu na maji. Ndiyo hivyo, maji yalikuwa juu. Yalipanda mpaka 1878, mto Lukuga upande wa Kongo ulipozibuka yakashuka mita nyingi katika miaka iliyofuata. Mlango wa maji kutoka ziwa hili ni mmoja tu, Lukuga. Ukizibwa na matope na majani, sisi huku tunaogelea sebuleni. Kwa hiyo mwanangu wa ughaibuni, ufukwe uliouona kwenye video unaweza usiwepo ukifika.

Mtoto wa Mwanga

Mama shikamoo. Hili nilitaka kuliandika nikaona uzi utakuwa mrefu. Kule visiwani nimeona miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, matawi yamejaa mnandi wanaanika mabawa. Nikamuuliza mzee mmoja, akasema chini ya mti ule ndipo walipokuwa wanashona nyavu.

Mama Wawili Ujiji

Marahaba mwanangu. Umeona sasa.

Mfipa Asili

Mimi ni wa huko huko, bibi yangu amezikwa Kirando. Nashukuru mleta uzi hakutaja kijiji. Lakini nina neno kidogo. Mnaongea kama vile watu wa kisiwani hawataki wageni. Wanataka! Wanachotaka mgeni alale kwao, siyo aje azungushe uzio. Kule kuna watu wa kila aina, Wafipa, Waha wa kwenu Kigoma, Wabembe, wote wamefuata samaki. Mgeni si jambo jipya. Jambo jipya ni ukuta.

Uzio ukifika ufukweni, mnaanika wapi dagaa? Yale mawe bapa aliyoyasema mleta uzi ndiyo kiwanda. Mwekezaji anayaona anasema "hapa pazuri pa kuweka viti vya kuotea jua". Kijiji kizima kinakosa kazi kwa viti vinane. Na njia ya kuteka maji je? Na mahali pa kuvuta boti dhoruba ikija?

Bwana Reli

Mfipa umenena. Swali: ile fungia ya uvuvi je? Nilisikia ziwa lilifungwa.

Mfipa Asili

Ndiyo, 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne za ziwa zilikubaliana, samaki wazaliane. Wakati huo kisiwa hakina kipato, unaelewa? Miezi mitatu. Watu walikwenda bara kulima vibarua, wengine waliuza injini za boti. Mgeni wa kulala angekuja miezi hiyo angeokoa nyumba kadhaa. Na ndiyo miezi isiyo na mvua, wakati Wazungu wanasafiri. Nashangaa hakuna anayeunganisha hivi vitu viwili.

Mtoto wa Mwanga

Mfipa, hapo umegusa nilichokuwa nakitafuta, tena vizuri kuliko nilivyoandika mimi.

Kwa anayetaka kuweka hela, fikirieni hivi. Familia ina nyumba ya vyumba vitatu, kimoja hakitumiki. Mnakubaliana kwa maandishi: wewe unaweka kitanda kizuri, chandarua, choo cha maana, tangi la maji na taa za sola, familia inabaki na nyumba yake na kupika. Mnagawana mapato kwa miaka mnayokubaliana. Ardhi haijahama hata hatua moja. Usiku mgeni analala akisikia boti zinaondoka, asubuhi anakula samaki wa migebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Hicho chakula hoteli kubwa ikikupikia inakuwekea limau juu na jani la mapambo, na haifiki nusu ya ladha.

La pili ni boti. Boti nzuri ya abiria, yenye maboya, paa na nahodha anayejua kukataa kusafiri. Wagonjwa, wanafunzi, walimu, wageni, wote wanapanda hiyo hiyo. Akina mama wajawazito wanaovushwa usiku na mtumbwi nimewaona kwa macho yangu, na mawimbi hayana huruma.

La tatu ni barafu. Migebuka na kuhe wakivuliwa bila barafu wanakaushwa kwa moshi au chumvi, bei inashuka. Mtu akifikisha barafu ya uhakika visiwani hatahitaji kuomba kiwanja kwa mtu.

Kauzu Mkavu

Barafu kisiwani kwa umeme gani mkuu?

Mtoto wa Mwanga

Unatengeneza bara, unavusha kwenye makasha. Umbali ni mfupi. Au friza za sola kwa kuanzia. Ongea na BMU yao kwanza, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi ufukweni, ndio wanaojua nani anashusha nini na mwalo gani.

Bwana Reli

Mimi nitatembea tu, biashara siwezi. Nikitokea Tabora na familia, watoto wawili, nilale kisiwani moja kwa moja au Kipili?

Mfipa Asili

Usiku wa kwanza lala bara, mtakuwa mmechoka na vumbi. Kipili pana gofu la misheni ya zamani juu ya kilima, wapeleke watoto jioni wakaone visiwa kwa juu. Ukishuka muone mtendaji wa kijiji ujiandikishe, kisha alfajiri mvuke ziwa likiwa limetulia. Kisiwani pia mkifika mkaripoti kwa mwenyekiti kabla hujafungua begi. Ni adabu, na ni usalama wenu, maana ng'ambo ile ni Kongo na watu wanaangaliana. Beba dawa za watoto, zahanati usiitegemee kwa kila kitu. Na hela taslimu ndogondogo.

Bwana Reli

Asante sana kaka. Nimehifadhi uzi.

Ughaibuni Kidogo

Wakuu nimesoma vyote. Mshirika wangu bado anang'ang'ania, anasema wenzetu walipataje Lupita?

Karani wa Ardhi

Mwambie apitie mlango wa mbele, yaani mamlaka ya uwekezaji, wilaya ya Nkasi, tathmini ya mazingira, mkutano mkuu. Inawezekana kisheria, ila ni safari ndefu na haianzi na dalali. Kwa sasa fanya kitu kimoja. Mpigie huyo dalali, mwambie: "Nitumie picha ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioidhinisha, wenye mahudhurio na sahihi za wanakijiji." Usimwambie lingine. Halafu rudi utuambie amejibu nini.

Ughaibuni Kidogo

Sawa mzee, ngoja nimpigie sasa hivi.

Kauzu Mkavu

Nimeweka kambi hapa.

Ughaibuni Kidogo

Alisema "nakutumia dakika mbili". Hiyo ilikuwa jana. Leo namba haipatikani, na ile video kaifuta.